Chipukizi ni nani? Kuta za Buffalo na sisi tulio ughaibuni



Leo sileti sarufi wala ushairi, ingawa mwishoni nitawarudisha kwenye lugha. Nataka tuzungumze juu ya vituo vya sanaa za kisasa, vile ambavyo kila kimoja kimeandika mahali fulani kwamba kipo ili kuwasaidia wasanii chipukizi. Nimeishi Louisville, nikahamia Columbus, na sasa niko hapa Buffalo. Katika miji yote mitatu Kiswahili nakisikia kwenye basi, kwenye foleni ya duka la nyama ya halali, msikitini na kwenye makanisa ya Wakongo. Lakini ndani ya vituo vya sanaa sijapata kukisikia, ila siku nilizokwenda na mke wangu. Kuna jambo hapo, na kwa mtazamo wangu linatuhusu.

Tuanze na neno lenyewe. Waliokulia Tanzania wanamkumbuka chipukizi wa chama: alivaa skafu shingoni, akasimama kwenye halaiki, akaimba alichofundishwa. Baadaye vijana wa Bongo Fleva wakatuletea neno jingine, andagraundi, yaani msanii ambaye bado hajatoka. Tazameni tofauti. Chipukizi ameshapasua udongo, kila mtu anamwona. Andagraundi bado yuko chini, na anayepita juu yake hajui kama kuna mbegu. Kituo kikisema kinasaidia chipukizi, swali la kwanza la mhakiki ni hili: kinamsaidia aliyekwisha kuonekana, au yule wa chini ya udongo?

Na hilo wanaloliita misheni? Kwetu misheni ni ya mapadri, na pale Dar misheni tauni ni kijana anayeishi kwa dili. Mimi nitasema dhamira. Dhamira ni jambo la moyoni, na la moyoni halijulikani mpaka lionekane kwa vitendo.

Sasa tuje kwa Hallwalls, kituo cha hapa Buffalo. Mwishoni mwa 1974 vijana kadhaa, baadhi yao wanafunzi wa chuo cha Buffalo State, walikuwa na studio katika ghala kuukuu la barafu kwenye mtaa wa Essex, upande wa magharibi wa mji. Kati ya studio ya Robert Longo na ya Charles Clough palikuwa na ujia. Wakatundika kazi kwenye kuta za ujia ule, wakaita watu waje kuona. Jina la kituo limetoka hapo: kuta za ujia. Pamoja nao walikuwepo Cindy Sherman, Nancy Dwyer, Diane Bertolini, Michael Zwack na wengineo. Waliwaalika wasanii waliowatangulia waje kutoka New York kuzungumza nao, na wakabadilishana maonyesho na Artists Space ya huko.

Leo Sherman ni miongoni mwa wapigapicha wanaojulikana zaidi duniani. Lakini katika siku zile za ghala alikuwa binti aliyejipaka vipodozi, akavaa nguo za mitumba, akatokea kwenye ufunguzi wa maonyesho akiwa mtu mwingine kabisa. Mfululizo wa picha uliompa jina aliuanza 1977, mwaka aliohamia New York. Maana yake nini? Maana yake kule kujipamba na kujigeuza kulikuwa bado si sanaa. Ulikuwa mchezo wa mtu anayetafuta. Ghala lile lilimpa mahali pa kuufanya mbele ya watu walioweza kuutazama bila kumwambia aache upuuzi, na bila kumwambia kwamba tayari amefika. Mimi naona hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambayo kituo cha sanaa kinaweza kumfanyia kijana: kumpa ruhusa ya kuwa mbichi.

Jamani, tusigeuze habari hii kuwa hekaya ya vijana mashujaa waliojitegemea. Hawakuota jangwani. Mji ulikuwa na jumba kubwa la sanaa, Albright-Knox, ambalo tangu 2023 linaitwa Buffalo AKG. Chuo kikuu kilikuwa na walimu wa filamu na video kama Hollis Frampton, Paul Sharits na Tony Conrad. Jimbo la New York lilikuwa na baraza lake la sanaa tangu 1960, na serikali kuu tangu 1965 ilikuwa na mfuko wa ruzuku. Na kodi ya nyumba ilikuwa nafuu kwa sababu mji ulikuwa unakimbiwa. Kwa hiyo mbegu ilikuwa na udongo, maji na kivuli. Wakulima wetu wana neno la mahali kama hapo, kitalu.

Baada ya kuhamahama, tangu 2006 Hallwalls imo ndani ya jengo lililokuwa kanisa la Wamethodisti, Delaware Avenue, ambalo mwimbaji Ani DiFranco na wenzake waliliokoa. Dhamira yake ya leo, kwa ufupi na kwa maneno yangu, ina pande mbili: kumsaidia msanii atengeneze kazi mpya, na kumsaidia mwananchi aione, hasa kazi inayosukuma mipaka iliyozoeleka. Sina ugomvi na maneno hayo. Ni maneno safi, na kwa zaidi ya miaka 50 wameonyesha mambo ambayo jumba kubwa lisingethubutu.

Swali langu ni la jirani. Upande ule ule wa magharibi, kandokando ya Grant Street, leo wanaishi Wakongo, Warundi, Wasomali na watu wa Burma. Sensa ya 2020 ilionyesha idadi ya watu wa Buffalo imeongezeka kwa mara ya kwanza tangu 1950, na wageni hawa ni sehemu ya sababu. Waliozijaza nyumba zilizoachwa wazi ndio hao. Je, kijana wao anayechora, anayepiga video kwa simu, anayetunga, ana ujia gani wa kutundika kazi yake?

Mtu ataniambia: mbona misaada ipo? Kweli ipo, na mingine ni kazi njema. Hapa Buffalo kuna Stitch Buffalo, iliyoanzishwa 2014, ambapo wanawake waliokuja kama wakimbizi hushona na kutarizi, wakauza, wakapata chochote. Siwezi kuidharau sindano inayolipa bili ya umeme. Halafu kila Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, kuna ngoma, kanga, sambusa na picha ya pamoja na meya. Lakini tusidanganyane, ndugu zangu. Ile ni Nane Nane. Kwenye Nane Nane mkulima analeta boga kubwa kuliko yote, ng'ombe aliyeogeshwa, hindi lisilo na doa. Hakuna anayeleta mche ambao bado hajui utazaa nini. Utamaduni unaombwa uje umekamilika. Sanaa ya kisasa inaruhusiwa kuja haijaiva. Na katika miji hii mitatu mgawanyo umekuwa huo: kijana wa hapa aliyesoma chuo anaitwa chipukizi, na kijana wetu anaitwa mwakilishi wa utamaduni.

Niwape mfano. Louisville nilimfahamu kijana mmoja, jina lake nalihifadhi. Kazaliwa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wazazi wake ni watu wa Fizi, Kivu ya Kusini. Usiku alikuwa akipakua vifurushi karibu na uwanja wa ndege. Mchana, akishalala saa nne tano, alichora. Alichora juu ya maboksi yaliyokunjuliwa: mikanda inayosafirisha mizigo, taa za usiku wa manane, migongo ya watu wasio na sura. Lebo za maboksi aliziacha zilivyo, zikawa sehemu ya picha. Si kila kazi ilikuwa nzuri. Nyingine zilijaa mno, mkono ulikuwa haujatulia, na rangi ya njano aliipenda kupita kiasi. Lakini zilikuwepo tatu au nne ambazo ukiziona unanyamaza.

Basi shirika moja la kuwahudumia wageni likamwomba kazi kwa ajili ya sherehe ya Juni. Akapeleka maboksi yake. Akaambiwa, kwa adabu kabisa, kwamba ni mazuri ila hayaonyeshi utamaduni wake. Je, hana kinamama na mitungi ya maji? Hana tembo? Yakhe, yule bwana hajawahi kumwona tembo. Alichora tembo, tembo akanunuliwa dola 50. Baadaye akajaribu kuomba nafasi kwenye kituo kimoja cha sanaa. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, ikitaka maelezo ya falsafa yake ya kisanii, picha kumi za kidijitali, orodha ya maonyesho aliyoshiriki, na ada ya dola 35. Kwenye orodha ya maonyesho angeandika nini? Tembo mmoja.

Hapo hakuna aliyemfanyia ubaya kwa makusudi. Wa kwanza walitaka awakilishe, wa pili walitaka awe tayari anajulikana. Katikati ya milango hiyo miwili ndiko andagraundi anakofia.

Wala Louisville haikosi historia ya kujifunzia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wasanii weusi wa mji ule, ambao hawakuwa na pa kuonyesha, waliunda kikundi walichokiita Gallery Enterprises. Walikuwemo G. Caliman Coxe, Sam Gilliam, Bob Thompson na Kenneth Young. Katika miaka ya 1960 ikafuata Louisville Art Workshop, upande wa West End. Hesabuni wenyewe: hiyo ni kabla ya ghala la barafu la Buffalo. Gilliam ndiye aliyekuja kuvua turubai kwenye fremu na kuiachia ining'inie na kukunjamana kama kanga zilizoanikwa, na 1972 alikuwa mmoja wa walioiwakilisha Marekani kwenye maonyesho ya Venice. Leo mtaje Cindy Sherman popote, utaambiwa na habari za Hallwalls. Ukimtaja Gilliam, ni wangapi watakutajia kikundi chake cha Louisville? Jumba la Speed la mjini humo limeanza miaka ya karibuni kuirudisha historia hiyo ukutani, lakini imechukua nusu karne. Hallwalls ilitunza karatasi zake. Ziko chuo kikuu cha hapa, na mwaka 1996 kilitoka kitabu kizima cha miaka yao 20 ya kwanza. Kwa hiyo utunzaji wa kumbukumbu si anasa ya baadaye. Ni sehemu ya msaada kwa chipukizi, kwa sababu anayekuja nyuma yake anajua kwamba mtu alishapita.

Columbus nitaipita haraka, maana kule hali ni tofauti. Kituo cha Wexner, kilichofunguliwa 1989 ndani ya Chuo Kikuu cha Ohio State, kilichorwa na Peter Eisenman, na ndani yake kuna nguzo maarufu inayoning'inia juu ya ngazi bila kufika chini. Ni mahali pazuri, na watengenezaji filamu wanasaidiwa hasa: wanapewa chumba na mafundi wa kuhariri. Lakini wengi wanaokaribishwa wametoka mbali na wameshapasua udongo zamani. Mimi nikiiona nguzo ile hukumbuka kwamba msaada unaweza kuwa mzito, wa gharama, na bado usiguse ardhi ya mji ule wenye maelfu kwa maelfu ya Wasomali na jamaa zao wa pwani.

Somo la Columbus nimelipata kwingine, kwa Aminah Robinson. Alizaliwa mjini humo 1940, akakulia kwenye nyumba za serikali za Poindexter Village, baba yake akamfundisha kutengeneza udongo wa kuchongea kwa matope, mafuta ya nguruwe, gundi na vijiti. Alifanya kazi miaka mingi katika idara ya burudani na bustani ya mji, huku akishona, akichora na kuandika historia ya mtaa wake. Jina Aminah alilipata Misri mwaka 1979. Tuzo kubwa ya MacArthur ilimfika 2004, ana umri wa miaka 64. Chipukizi wa miaka 64! Alipofariki 2015 aliacha mali zake kwa jumba la sanaa la Columbus, na nyumba yake sasa hutumika kuwakaribisha wasanii Wamarekani weusi wakae na kufanya kazi. Nyumba ya mtu mmoja, mtaa wa kawaida. Hicho ndicho kitalu.

Najua kuna wenzetu watakaosema: mkimbizi anahitaji kazi na bima ya afya, picha baadaye. Wengine watasema tuachane na Wamarekani, tujenge kituo chetu cha utamaduni wa Kiswahili. Wa kwanza nawajibu kwamba kijana wa maboksi kazi alikuwa nayo, na kazi hiyo ndiyo aliyoichora. Hakuwa akiomba chakula. Aliomba kutazamwa.

Wa pili wana hoja nzito zaidi, na ninaiheshimu. Lakini tuangalie nyumbani. Elimo Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa pale Nairobi mwaka 1965, kwa dhamira kali ya kukataa kuiga. Moto wa 1997 uliteketeza kazi na kumbukumbu nyingi. Kuona Trust ilianza 1995, ikalea kizazi kizima cha wachoraji wa Kenya, na taasisi ilipoingia matatani mwishoni mwa miaka ya 2010 wasanii wenyewe ndio walioendelea, wakajiita Kuona Artists Collective. Nafasi Art Space ilianza Dar mwaka 2008, studio zake zimo ndani ya makontena kule Mikocheni, na jina lake linasema yote: nafasi ya kukaa, na nafasi ya kujaribu. Lubumbashi wakaanzisha Picha mwaka huo huo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichojengwa ili kuonyesha utamaduni kwa wageni. Vilijengwa ili wasanii wapate pa kufanyia kazi. Tukijenga chetu hapa kiwe namna hiyo, nitachanga. Tukijenga Nane Nane nyingine ya kudumu, yenye mlango wa kuchonga wa Zanzibar pale mbele na zulia la mikeka, nitakuja kula biriani na kurudi nyumbani.

Hali ya sasa inatubana pia. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na Mei mwaka huo vikundi vingi vya sanaa viliandikiwa na mfuko wa taifa kwamba ruzuku zao zimefutwa. Kituo kinachohesabu senti kitavutwa kumchagua msanii mwenye jina, anayejaza viti. Ndiyo maana dhamira ipimwe sasa, maana wakati wa neema kila mtu ni mkarimu. Mimi ningeuliza kila kituo mambo machache tu. Je, mtu anaweza kuomba nafasi kwa kuzungumza, kwa lugha yake, badala ya kujaza fomu? Je, analipwa? Tangu 2008 kikundi cha W.A.G.E. cha New York kimekuwa kikidai msanii alipwe ada anapoonyesha kazi, badala ya kushukuriwa tu. Na je, mlango uko wazi saa ambayo mfanyakazi wa usiku ameamka?

Sisi nasi tuna deni letu. Tumejaa shahada humu. Tunajua kuchambua mizani, tunajua kubishana juma zima juu ya kiambishi kimoja. Lakini kijana wetu akionyesha kazi yake kwenye ukumbi wa kanisa tunamwambia "hongera sana, endelea hivyo hivyo", tunapiga picha, tunaondoka. Hatumwambii kwamba njano imezidi. Hatumwambii ni boksi lipi kati ya yote lina uhai na kwa nini. Wale vijana wa ghala la barafu walikuwa na kuta, lakini pia walikuwa na wenzao waliowatazama kwa ukali na upendo, na watu walioandika. Msanii asiyehakikiwa kwa lugha anayoielewa ataendelea kuchora tembo, kwa sababu tembo ndiye aliyewahi kujibiwa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Walioko Louisville na Columbus, na sisi wa Buffalo, kila mmoja atafute kazi moja ya msanii mmoja wa mjini kwake ambaye hajaandikwa popote. Aitazame vizuri, aandike kurasa mbili za Kiswahili, bila kupamba na bila kumhurumia. Aziandike kwa idhini ya mwenyewe, na nakala moja ampe mkononi. Ukuta tutautafuta. Pengine hata Hallwalls wataufungua, maana historia yao wenyewe inawadai hivyo, na mimi nipo tayari kwenda kuwauliza ana kwa ana.

Nawasilisha. Wenye hoja tofauti waje nazo, uwanja ni wenu.